Nyanya za Arobaini ya Mama

Tangu nirudi, wenzangu, mmeniuliza mara nyingi safari ilikuwaje, na kila mara nimewajibu kwamba njia ilikuwa mbaya. Njia haikuwa mbaya kuliko siku zote. Nimeamua kuandika yote, hata yanayonitia aibu, kwa sababu mnanijua: jambo likikaa kifuani mwangu bila kupangwa, silali.

Mnajua kwamba Mama alifariki wakati nyanya zake za mlau, zile za kupandwa bondeni mafuriko ya Rufiji yakishapungua, zilikuwa na matunda madogo kama gololi. Msichojua ni ahadi niliyompa Bibi, mama yake mzazi, kwa simu, siku ya tatu ya msiba. Kila mwaka Mama alimpelekea nyanya za kwanza huko ndani ya delta, kijijini kwao, ambako ardhi ina chumvi na nyanya hazioti. Bibi hakuweza kuja kuzika. Miguu yake haimbebi tena. Aliniambia, "Basi arobaini itasomwa huku kwangu. Na wewe niletee nyanya alizopanda mwanangu. Nizile zikiwa nyekundu, nijue kweli ni zake."

Nikasema nitazileta. Sikusema inshallah. Nilikuwa na uhakika mno.

Umwe

Nilichuma shambani kwetu Umwe, Alhamisi alfajiri, siku nane kabla ya arobaini, iliyokuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Siku hizo nane sikuzichagua kwa kubahatisha. Kilimo sikukisomea popote. Nimejifundisha mwenyewe kwa simu na kwa kijitabu kimoja kilichokosa jalada. Nilikuwa nimesoma kwamba nyanya ikichumwa ya kijani lakini imekomaa, inaendelea kuiva yenyewe, na joto la mahali ilipowekwa ndilo linaloamua itachukua siku ngapi na itatoka rangi gani. Nikaamua zangu ziwe nyekundu siku ileile, zote kwa pamoja. Nilikuwa na kipimajoto cha banda la vifaranga, nikakifunga kwa uzi ndani ya kreti ya kwanza.

Mama hakuwa na kipimajoto. Alichuma nyanya zikianza kupata wekundu kidogo kitakoni, akazipanga chini ya kitanda juu ya mkeka chakavu, akazifunika kwa kanga ya zamani. Kila asubuhi aliinama, akapapasa, akatoa zilizokuwa tayari. Msimu uliopita nilimwambia mbele ya wateja kwamba huo ni ubabaishaji, ndiyo maana nyanya zake haziivi kwa pamoja. Alinitazama, akasema, "Haya, mwalimu." Hakuna siku nitakayoacha kuisikia hiyo "haya".

Nilijaza kreti tatu. Kila nyanya niliifuta kwa kitambaa, nikaipima kwa macho na mwenzake, nikailaza kikonyo chini. Zenye ufa, zenye umbo baya, na zile zilizokwisha kuanza wekundu, ambazo zingetangulia nyingine, nilizitupa kwenye kikapu cha pembeni. Zilijaza kikapu, nikakipakia nacho nimpe mtu njiani. Sikutaka kasoro hata moja ifike mbele ya Bibi.

Jirani yetu Shomari ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Alinipakia saa mbili asubuhi. Hatukufika mbali. Kabla ya kuikamata barabara kuu ya kwenda Kibiti gari lilikata mkanda, na Shomari akarudi mjini Ikwiriri kwa bodaboda kutafuta mwingine. Nilibaki juani, na kreti chini ya turubai. Kila baada ya dakika chache nilichomoa kipimajoto. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Saa sita mchana, thelathini na nane. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimelisoma, kwamba nyanya ikikaa kwenye joto linalozidi thelathini haipati wekundu wake. Inageuka njano, halafu inalainika. Nilitoa turubai, jua likazipiga. Nikarudisha turubai, joto likapanda. Nilifanya hivyo mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni akasimama.

"We binti, unawapepea watu au nyanya?"

"Nyanya, mama."

"Weka majani mabichi juu, ukae chini upumzike. Utakufa kabla ya hizo nyanya."

Nilikata majani ya mgomba, nikafunika. Joto likashuka digrii nne. Nilimshukuru, lakini moyoni niliona aibu kwamba jambo hilo halikuwa kwenye daftari langu.

Shomari alirudi alasiri. Alinikuta nimeshika kipimajoto mkononi. "We Tatu," akaniita kwa jina, "nyanya si mgonjwa. Acha kuzipima homa."

Kibiti

Mama alikuwa na kituo chake Kibiti: kibanda cha Mama Neema, mama lishe aliyetoka Njombe miaka mingi iliyopita kumfuata mumewe mwalimu, akabaki hata baada ya mume kuondoka. Hapo ndipo Mama alipokuwa akila na kulala kabla ya kuendelea na safari ya delta. Mama Neema alipoona kreti alijua mimi ni nani. Hakusema pole kwa maneno mengi. Alinipakulia ugali na mlenda, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Nilimpigia simu Mjomba Sefu, kaka yake Mama, mwenye boti. Nilimwambia ninaondoka kesho asubuhi, jioni nitakuwa kwao.

"Kesho utapita juu ya tope?" akauliza. "Sasa hivi maji mafu, Tatu, hayajai. Mkondo wetu umejaa mchanga, boti haipiti mpaka bamvua, maji yakijaa sana. Njoo Jumanne Ruaruke, gari linapoishia, Jumatano alfajiri nikupakie."

"Mbona hukuniambia, Mjomba?"

"Hukuniuliza. Mama yako aliangalia mwezi kwanza, ndipo akachuma."

Nilikata simu. Nilikuwa nimepanga joto, nimepanga siku, nimepanga hata vikonyo vielekee wapi. Maji sikuyapanga. Mimi ni mtoto wa mwanamke wa delta, na sikukumbuka kwamba huko watu husafiri maji yanapotaka.

Jiko la Mama Neema lina paa la bati. Kipimajoto kilisoma thelathini na nne. Nilizitazama nyanya, nikaona kama moja imeanza unjano. Sasa nafikiri haikuwa na unjano wowote. Siku tano kwenye joto hilo, nikajiambia, na Bibi nitampelekea uji.

Jirani na stendi kuna duka la Bwana Karim. Familia yake ilitoka India zamani za babu wa babu yake, na yeye Kiswahili chake ni cha Kibiti kuliko changu. Ananunua kamba wa delta, wale wa kuliwa, na nyuma ya duka ana chumba cha baridi cha kuwahifadhia. Nilimweleza shida yangu. Aliposikia neno arobaini alisimama palepale, akawaita watu wake wasogeze makasha mawili ya kamba ili kreti zangu zipate nafasi.

"Binti, kamba ni kiumbe mlaini kupita wote, na humu anakaa wiki," akasema. "Nyanya itashindwa na nini? Sisi watu wa pwani adui yetu ni mmoja tu, joto. Barafu haijawahi kumwozesha mtu."

Niliingia na kipimajoto. Digrii nne. Nilisimama mle ndani nikihisi baridi kwenye meno, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nikapumua.

Mama Neema ndiye aliyenizuia mlangoni pa kibanda chake nilipokuja kuchukua kreti ya mwisho.

"Zikiwa kijani hivyo unazipeleka kwenye barafu?"

"Ndiyo. Zitalala, zisiive mapema. Jumatano nitaziamsha."

"Dada, mimi kwetu ni baridi. Mwezi wa saba ikishuka sana, nyanya za kijani zinagoma. Zinakaa hivyohivyo, unaona nzima, unasubiri, mpaka zinaoza. Haziamki."

"Hiyo ni baridi ya shambani, Mama Neema. Hii ni ya mashine. Na nina kipimo."

Alinyanyua mikono. "Haya, mwenye kipimo."

Nilisikia ile "haya" na bado nikabeba kreti. Kikapu cha zenye kasoro nilimwachia, nikamwambia apike au atupe. Alikisukuma chini ya benchi la wateja, kwenye kivuli, akatupia gazeti juu.

Nilikaa Kibiti siku tano. Nilimsaidia Mama Neema kumenya vitunguu, na kila asubuhi na jioni nilikwenda kwa Bwana Karim kutazama nyanya zangu. Hazikubadilika hata moja. Zilikuwa za kijani, ngumu, zinang'aa, kama siku niliyozichuma. Nilifurahi. Nawaandikia hili kwa sababu ndilo linalonitesa zaidi: nilifurahi siku tano nzima.

Ruaruke

Jumanne Bwana Karim alinipangia nyanya kwenye deli mbili kubwa, yale masanduku ya kubebea samaki, barafu iliyopondwa chini na juu, karatasi katikati. Alikataa kusikia habari ya malipo. "Mwombee na mama yangu ukifika kwenye dua," akasema.

Gari la kwenda Ruaruke lilikuwa limebeba mifuko ya saruji na mimi. Nilifikia kwa ndugu yake Mjomba Sefu, nikala mihogo ya kuchemsha na dagaa. Mwenye nyumba aliuliza nimebeba samaki gani. Nilipomwambia ni nyanya, akasema kwa upole, "Huku tunatoa samaki kwenye barafu kupeleka juu huko mjini. Wewe ndiye wa kwanza kutuletea barafu." Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu niliona wao ndio hawajui.

Majini

Jumatano alfajiri maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Mjomba Sefu alinipokea deli zangu kimyakimya. Ana sura ya Mama, hasa akiwa hasemi. Tulikwenda kwa injini muda wa saa tatu, tukipita mikondo inayofanana, na yeye hakukosea kona hata moja. Katikati aliniuliza kama Mama aliumia sana siku za mwisho. Nikamwambia ukweli, kwamba aliumia. Akageuza uso kwenye maji, akaongeza mwendo.

Kwa Bibi

Bibi alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka. Haoni vizuri siku hizi, lakini alijua hatua zangu.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema, maana hivyo ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo. "Umemleta mwenzio?"

Nilielewa anauliza nyanya. Nilizitoa kwenye barafu zote, nikazikausha, nikazipanga chini ya kitanda chake juu ya mkeka, nikazifunika kwa kanga. Nilifanya kama Mama. Kipimajoto kilisoma ishirini na saba. Nikajiambia kesho zitaanza.

Alhamisi hazikuanza. Nilizigeuza moja moja, nikitafuta kitako chekundu. Baadhi zilikuwa na vishimo vidogo kwenye ngozi, kama mtu amezibonyeza kwa kidole kisha akaondoka. Mchana nilikwenda ufukweni, mahali intaneti inaposhika, nikafungua ule ukurasa niliokuwa nimeuhifadhi. Nilikuwa nimeusoma mpaka katikati. Nilikuwa nimesoma kwamba baridi inachelewesha kuiva, nikaridhika, nikaanza kuchora jedwali. Chini yake, sehemu ambayo sikuwahi kuivuta juu kwa kidole, paliandikwa kwamba nyanya ya kijani ikikaa siku kadhaa kwenye baridi iliyo chini ya digrii kumi hivi, inaumia ndani. Hata ikirudishwa kwenye joto zuri haiivi vizuri, au haiivi kabisa. Inapata mashimo, inapata madoa meusi, inaoza. Mahali pazuri ni kivulini, joto la wastani, karibu ishirini.

Maneno ya Mama Neema, yote, kwa mpangilio uleule. Nilikuwa nayo mfukoni siku zote.

Ijumaa watu walijaa. Dua ilisomwa, ubani ukafukizwa, wanawake wakapika wali wa mpunga wa delta na kamba kwa nazi. Walisubiri nyanya za kachumbari. Nilizipeleka kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Waliokuwa wanakata walitazamana. Ndani zilikuwa nyeupe na ngumu, zinatoa maji tu.

Hapo akainuka mtani wetu, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa. Kwetu mtani ana haki ya kusema lolote mbele ya msiba, na wafiwa hawana haki ya kukasirika. Alijitwisha sinia la nyanya zangu, akazunguka ua akinadi kama yuko gulioni.

"Ndimu! Ndimu za marehemu! Kazituma kutoka alipo, huko hakuna jua!"

Watu wakacheka, wengine mpaka machozi. Akaja akasimama mbele yangu. "Na wewe mwanawe, ulizibeba tumboni au mgongoni? Mbona hata miezi haijatimia?"

Ilinipasa nicheke. Nilicheka. Mjomba Sefu peke yake ndiye aliyetazama chini.

Bibi alisikia yote kutoka barazani. Akaniita, akanyoosha mkono. Nilichagua nzuri kuliko zote, nikamwekea kiganjani. Aliipapasa muda mrefu, akainusa, akaing'ata. Alitafuna polepole, kisha akatoa kilichokuwa mdomoni, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake ili watu wasione.

"Hii kapanda nani?" akauliza.

"Mama."

"Hapana," akasema. "Nyanya za mwanangu nazijua."

Nilimweleza kila kitu. Gari, maji, chumba cha baridi, ukurasa wa simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ulikuwa unaziogopea."

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yako nilimwogopea hivyo hivyo," akasema. "Nikamwambia asiolewe mbali." Kisha akaomba asogezewe ukutani, alale.

Zilizobaki zilioza kuanzia Jumamosi, pale kwenye vishimo, zingali za kijani. Jumatatu Mjomba alizichukua zote kwenye deli zilezile akazimwaga mkondoni. Nilisimama nikizitazama. Zilielea pamoja kwa muda, kisha maji ya kupwa yakazichukua.

Kibiti, tena

Nilirudi Jumanne, kabla maji hayajafa tena. Deli nilizirudisha kwa Bwana Karim. Aliniuliza vipi, na uso wake ulikuwa na tumaini kiasi kwamba nikasema, "Tulimwombea na mama yako." Hilo lilikuwa kweli. Sikuweza kumwambia jingine.

Kwa Mama Neema nilifika na njaa ya siku mbili. Alinipakulia wali, maharage na kachumbari kidogo pembeni. Nilikula haraka huku macho yangu yako barabarani, kichwani nikipiga hesabu upya: ningewahi kuangalia mwezi, ningechuma siku tatu baadaye, ningeziacha kivulini. Nilikuwa nimekwisha kulamba vidole aliponiondolea sahani.

"Haya," akasema. "Hukunisifia hata kidogo."

"Chakula kizuri, Mama Neema. Ahsante."

"Si chakula. Zile nyanya zako, ulizozikataa. Ulipoondoka tu, ziliiva zote chini ya benchi hapo, nyekundu kama damu, moja baada ya moja. Wateja walikuwa wanauliza nimezitoa wapi. Nikakubakizia moja, ndiyo hiyo ya kachumbari. Ya mwisho."

Nilitazama sahani. Ilikuwa nyeupe, na maji mekundu kidogo ukingoni. Nilijaribu kukumbuka ladha yake. Nilikumbuka chumvi. Nilikumbuka pilipili. Nyanya sikuikumbuka.

Nilitoka nje nikampigia Mjomba, akampa Bibi simu. Nilimwambia zile mbovu nilizoziacha Kibiti ziliiva, zikawa nyekundu, na kwamba nimekula ya mwisho sasa hivi.

"Umekula wewe?" akauliza.

"Nimekula mimi, Bibi."

"Ilikuwaje?"

Magari yalikuwa yanapita. Nilisubiri yaishe.

"Tamu," nikasema. "Kama zake."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi umenilia na mimi."

Ndiyo maana nimewaandikia. Bibi amebaki na utamu wa nyanya ya mwanawe, na hilo sitamwondolea. Lakini nilitaka wawepo watu wanaojua kwamba sikuionja.